Ubao wa Zuhura

Pasi ya mkaa ikipashwa moto ina harufu yake: chuma, majivu na kitambaa chenye unyevu. Harufu hiyo ilijaa uani kwetu Mlingotini, kwani mama alikuwa akiwafulia na kuwanyooshea watu nguo. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa na miaka tisa na mdogo wangu Zuhura saba. Homa ya uchangani ilikuwa imemwachia mguu mmoja uliopooza.

Kiangazi kile nyasi za mteremko wa nyuma ya nyumba zilikauka zikawa za utelezi, na watoto wote wakawa wanashuka juu ya makarara, yale maganda makavu ya maua ya mnazi. Karara lilimwangusha Zuhura kila mara, maana hakuweza kujizuia kwa miguu. Nikamtafutia ubao mpana wa mlango wa zamani, nikautia kamba ya kushikia, lakini haukuteleza. Nikasema tuupake nta. Binamu yetu Shabani akacheka. "Nta itanasa takataka tu. Uacheni hivyo hivyo!"

Sikumsikiliza. Mama alipokwenda kisimani nilichukua mshumaa na pasi yake, nikayeyusha nta, nikaiacha nene chini ya ubao. Zuhura alishuka hatua tatu, akakwama, ubao umejaa vumbi na makapi. Hakulia. Aliinamisha kichwa tu, na hilo liliniuma zaidi.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mama alipoipitisha pasi juu ya kanzu nyeupe ya baba ya Ijumaa, doa la nta na masizi likabaki kifuani.

"Nani kaishika pasi yangu?"

"Mimi, mama." Nikamweleza yote, nikingoja kiboko. Akamtazama Zuhura kwa muda mrefu.

"Haya, uleteni huo ubao."

Aliukwangua kwa kisu, akausugua kwa mshumaa kidogo sana, akapitisha pasi polepole mpaka ubao ukainywa nta. Ulipopoa, akakwangua tena yote iliyobaki juu, akaung'arisha kwa kitambaa. "Nta iingie ndani," alisema. "Ile ya juu ndiyo inayonasa uchafu."

Kisha akatufuata mteremkoni, kapu la nguo za watu akaliacha uani. Nilimsukuma Zuhura mara moja tu. Akayapita makarara yote, akipiga ukelele wa furaha ambao sikuwahi kuusikia kwake. Shabani akamkimbilia kule chini.

"Zuhura, niazime na mimi!"

"Ngoja zamu yako," akajibu.

Ijumaa ile baba alikwenda msikitini na kanzu kuukuu.

Leo mteremko umejaa nyumba zenye kuta ndefu. Zuhura ana duka la vitambaa Bagamoyo, na wateja wanamjua kwa maneno yake yasiyo na woga. Mimi nina wajukuu Mapinga. Kazi zangu ni nyepesi kuliko za mama, lakini wanaponiita tukacheze, mara ngapi nimewaambia, "Baadaye, bibi ana shughuli"! Hapo humkumbuka mama na kapu aliloliacha uani, nikamshukuru, nikaziacha shughuli zangu na kwenda nao.