Sindano na Upande wa Kushoto

Mdogo wangu alikuwa fundi cherehani, na bintiye tulimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Alikulia chini ya meza ya baba yake akiokota vipande. Hapo ndipo alipojifunza kukunja: kunja kitambaa, kata mara moja, fungua, upate mgongo mzima wa shati, kulia sawa na kushoto. Cherehani ile ipo kwangu, imeshika kutu. Hayo tuyaache.

Sasa Sindano yuko chuo kikuu, anapima fuwele. Ni kijiwe chembamba kama ganda la kitunguu, chembe zake zimejipanga safu safu kama vigae. Ndani yake elektroni hukimbia, na kila mwendo una kiwango chake cha nishati. Alinieleza kuwa katika fuwele kama yake, isiyo na usumaku, elektroni iendayo kulia na iendayo kushoto kwa mwendo ule ule zina nishati sawa. Ukichora unapata mstari wenye umbo la bakuli, pande mbili zinafanana.

Jumatatu asubuhi nilimkuta jikoni, chai imepoa, anang'ata kucha.

"Una nini, mama?"

"Baba mkubwa, nimekunja."

"Umekunja nini?"

"Mchoro. Nilipima kulia tu. Kushoto nikanakili, si lazima zifanane? Ijumaa mwalimu akauliza vipimo vya kushoto. Nikasema vipo."

"Kumbe?"

"Havipo! Na Alhamisi natetea kazi yangu mbele ya wakubwa. Miaka minne, Baba mkubwa."

Shule mimi niliishia njiani, ila kukunja nakujua. "Baba yako, kabla ya kukata, alifanya nini?"

Akaacha kung'ata kucha. "Alifunua. Atazame kama chini kuna doa."

Basi Jumanne tukaenda maabara. Nikapewa kigoda mlangoni.

"Usiguse kitu. Na chafya zako zile, zimeze."

"Nikishindwa?"

"Toka nazo nje."

Mashine ikanguruma hadi adhuhuri. Upande wa kushoto ukajichora, na bakuli likatoka limelala upande. Sindano akashika kichwa. Ama fuwele siyo aliyoidhani, na miaka minne imekwenda na maji, ama mashine imepinda. Njia ya kujua ilikuwa moja: aitoe fuwele, aigeuze nusu duara, airudishe, apime tena. Ulalo ukihama nayo upande wa pili, kosa la fuwele. Ukibaki pale pale, kosa la mashine. Lakini fuwele ilikuwa hiyo hiyo moja, na huvunjika ukiitazama vibaya.

Akashika kibanio.

"Tazama ukutani, Baba mkubwa. Unanitia wasiwasi."

Nikatazama ukutani. Nikahesabu misumari, saba, nikairudia.

Alasiri mchoro wa pili ukatoka. Ulalo haukuhama.

"Ni mashine," akasema, wala hakucheka. Fuwele ilikuwa haina hatia, yeye bado. Akachukua simu.

"Mwalimu, shikamoo. Ijumaa nilikwambia vipimo vipo. Havikuwepo. Leo vipo, ila vimelala upande."

Akasikiliza muda mrefu. Akasema "ndiyo" mara tatu, akakata.

"Kasemaje?"

"Alhamisi haipo tena. Kesho nije tunyooshe mashine, nipime upya pande zote."

"Halafu?"

"Halafu hakusema."

Akaiweka fuwele kwenye kikasha, akakibeba kwa mikono miwili hadi kabatini, hatua kwa hatua, kama mtu aliyejitwisha maji pomoni.