Nilivyoihama Kanga Nikahamia Tausi

Jamani, mimi ni mwalimu wa Jiografia, na naomba hilo mlikumbuke tangu mwanzo kwa sababu aibu yangu yote imekaa hapo. Ningekuwa mwalimu wa Michezo watu wangesema basi, hakujua, asamehewe. Lakini mimi ndiye ninayesimama mbele ya watoto wa kidato cha tatu pale Mbinga mjini, nawachorea dunia ubaoni na mistari yake ya longitudo, nawaeleza kwa nini watu wa nchi moja wanakunywa chai wakati wa nchi nyingine bado wanakoroma. Haya, sasa nicheke mimi kwanza, ninyi mtafuata.

Simu yangu ya zamani ilikuwa Kanga. (Si jina lake la kweli. Kampuni ya kwanza naiita Kanga, ya pili naiita Tausi, maana sitaki kuletewa barua ya wakili hapa.) Kwetu nyumba nzima ni Kanga, mimi Kanga, mke wangu Mama Hyasinta Kanga, binti yetu aliyeko chuo Kanga, chaja moja inazunguka chumba hadi chumba na hakuna anayelalamika. Sasa betri ya kwangu ikaanza kuvimba, mfuniko wa nyuma ukainuka, nikawa naubana kwa mpira wa kufungia mifuko ya viungo, wanafunzi wakaniona, ikabidi ninunue nyingine. Swali likawa hilo moja tu, nibaki Kanga au nihame?

Mngeona mjadala ule katika ofisi ya walimu. Matokeo ya mitihani hatujawahi kuyajadili kwa uchungu namna ile. Mwenzangu wa Fizikia, mtu wa Mwanza aliyehamishiwa kwetu, yeye ni Tausi wa damu, akanivuta pembeni akaniambia, "Mwalimu, Kanga ni simu ya mtu aliyeridhika na maisha. Tausi hushiki kitu, inajipanga yenyewe. Lugha, mtandao, saa, kila kitu." Nikaenda nalo nyumbani neno hilo la kujipanga yenyewe, nikamwambia Mama Hyasinta, naye alikuwa anachambua maharage, hata hakuinua uso.

"Kanga umeizoea," akasema. "Ya nini kuanza kujifunza simu wakati harusi iko mlangoni?"

Harusi yenyewe ndiyo ilikuwa sababu. Deo, dereva wa malori ya makaa ya mawe kule Ngaka, mtoto wa kaka yangu mkubwa Osmund, alikuwa anamwoa Upendo, binti wa Kinyasa wa huko Ngumbo ziwani, na ukoo ulikuwa umenichagua mimi kuwa msemaji na mwangalizi wa msafara. Msemaji wa ukoo aende ziwani na simu iliyofungwa mpira? Nilitaka picha kali, nilitaka wakwe waone kwamba milimani nako kuna watu. Nikaenda dukani, nikachukua Tausi. Kijana wa duka akaniuliza jambo moja tu, kama saa nitaiweka mwenyewe au niiache ijiweke, nikamjibu kwa sauti ya kusikika hadi duka la jirani kwamba ijiweke, ndiyo maana nimelipa.

Tukashuka siku moja kabla, kwa Kosta ya kukodi, kona baada ya kona mpaka joto likatupokea na ziwa likaonekana kote mbele yetu, na mimi napiga picha dirishani kama sijawahi kuona maji. Tulifikia katika nyumba ya mwalimu mwenzangu aliyekuwa likizo, alituachia funguo, kwa hiyo mle ndani hakuna mwenyeji hata mmoja, wote sisi ni watu wa milimani. Jioni baba yake Upendo akaja kutusalimu, akatuletea usipa, dagaa wa huko, na unga wa muhogo, akatoa angalizo moja. Padri ana mazishi kigango kingine siku hiyohiyo, kwa hiyo ndoa ni saa nne kamili asubuhi, akimaliza anawasha pikipiki anaondoka.

"Mwalimu, nakutegemea wewe," akaniambia, "maana namba niliyonayo ni yako na ya Deo tu."

Nikamwambia alale usingizi. Na Deo nikamnyang'anya simu yake hapohapo, nikaizima sauti nikaitia kwenye begi langu, kwa sababu bwana harusi hahangaiki na simu, bwana harusi anapumzika. (Yake ilikuwa Kanga. Mtaikumbuka hiyo baadaye.) Kabla ya kulala Tausi yangu ikaita kidogo, ujumbe wa Kiingereza wa kunikaribisha sijui wapi, nikaona ni matangazo tu, nikaufuta.

Asubuhi nikaamshwa na kengele ya Tausi, saa kumi na mbili kamili, natoka nje nakuta jua limeshapanda na linachoma. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nikatoa somo. Nikawaeleza waliokuwa wanapiga mswaki pale nje kwamba milimani vilima hutuzibia jua, ila huku ziwani ni uwanda, kwa hiyo linaonekana mapema. (Vilima vyenyewe viko upande wa mashariki, vinatutazama, na jua limetokea juu yake. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikujiuliza.)

Tukiwa kwenye chai, Kaka Osmund akatazama saa yake ya mkononi, ile ya mishale aliyonunua mwaka aliovuna kahawa vizuri, akasema, "Saa mbili na nusu hii. Watu waanze kuvaa."

"Saa moja na nusu, Kaka," nikamwambia.

"Mbili na nusu."

Watu wakatoa simu. Hapo ndipo shetani alipotusaidia, kwa sababu simu hazikukubaliana. Ya shemeji ilisema moja na nusu, ya mpiga kinanda tuliyekuja naye ikasema moja na nusu, nyingine tatu zikasema mbili na nusu, na ya Mama Hyasinta ikiwa mojawapo. Dereva wa Kosta akasema saa ya kwenye gari lake ilikufa kabla hajalinunua. Basi macho yote kwangu, mwalimu, tena wa Jiografia. Nikainua Tausi juu, nikasema hii haiwekwi na mkono wa mtu, hii inachukua saa hewani, hizo nyingine mmeziweka wenyewe kwa kukisia.

"Yangu sikukisia," akasema Mama Hyasinta.

"Hiyo ni Kanga," nikamjibu.

Akaniangalia tu, akakunja mikono, na mimi baada ya miaka yote ya ndoa nilipaswa kujua maana ya mikono ile. Badala yake nikamshika kaka yangu mkono, kaka yangu mkubwa aliyenisomesha, nikavuta kile kitufe cha saa yake nikairudisha nyuma saa nzima mbele ya watoto wake. Alivuta tu mkono wa koti ukaifunika saa, akaendelea na muhogo wake.

Kwa hiyo tukala taratibu. Akina mama wakapiga pasi upya nguo zilizokuwa zimeshapigwa. Tukasikia rimu ya gari iliyo kengele ya kanisani inagongwa, mtu mmoja akashtuka, nikamwambia hao ni kwaya wanaitana mazoezini. Ikagongwa tena, nikasema kwaya ya huku ina watu wavivu. Nilijaribu kumpigia baba yake Upendo nimjulishe kwamba tuko vizuri, simu haikutoka, nikalaumu mtandao wa bondeni. Tukapanda gari tukiwa na muda wa ziada, na zilipobaki hatua chache tukashuka ili tuingie kwa miguu tukiimba, ngoma mbele, vigelegele, Deo katikati amependeza, mimi pembeni na Tausi nachukua video. Ilikuwa saa nne kasoro kidogo. Nilijiona mtu.

Uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa watu waliokaa kimya. Kimya cha msiba. Na mbele ya mlango alisimama Padri, kofia ngumu kichwani, mguu mmoja umeshavuka pikipiki.

Ngoma ikafa yenyewe. Mimi, badala ya kusoma hali, nikasogea kwa heshima zote. "Tumsifu Yesu Kristo, Padri. Naona leo umetutangulia."

"Milele amina," akasema. "Mwalimu, ni saa tano hii. Tumewasubiri saa nzima. Tumepiga simu zenu, yako haipatikani, ya bwana harusi inaita haipokelewi. Watu wameshaanza kusema bwana harusi amekimbia."

Hapo jamani ningenyamaza. Ningepiga magoti tu. Lakini nilikuwa nimeshamrudisha kaka yangu saa nzima nyuma, sikuweza kurudi peke yangu, nikamwambia Padri, mbele ya kigango kizima na wakwe na kwaya, kwamba samahani Padri lakini saa yako inakimbia, nikamwekea Tausi mbele ya uso athibitishe. Padri akaishika, akasogeza kioo kivulini, akasoma juu kabisa palipoandikwa jina la mtandao, akanirudishia taratibu.

"Kwa saa ya Malawi umewahi, Mwalimu," akasema. "Ila kanisa liko Tanzania."

Sijui nani alianza kucheka, nafikiri ni upande wa kwaya, lakini kicheko kilitembea uwanja mzima mpaka kikafika kwa watoto waliokuwa juu ya ukuta. Kumbe mwambao mzima wanajua, simu zikidaka mnara wa ng'ambo zinarudi saa moja nyuma, ndiyo maana wao saa huiweka kwa mkono. Na mimi longitudo zote ninazo, ng'ambo ile naiona kwa macho, nimeipiga na picha. Kijasho kilinitoka mpaka kwenye miwani.

Nikamwomba Padri atufungie ndoa upesiupesi. Akatikisa kichwa. "Kuna watu wanasubiri kuzika. Ninyi mko hai, mnaweza kukaa. Nikirudi alasiri nitawafungisha, kama bibi harusi bado anataka." Akawasha pikipiki akaenda.

Kama bado anataka. Hayo maneno matatu yalinimaliza nguvu, kwa sababu nilipoinua macho Upendo alikuwa ametoka, amesimama mlangoni na shela yake, wanja umeshuka mpaka mashavuni. Deo akaja kwangu, akafungua begi langu bila kuniomba, akatoa Kanga yake. Saa tano na dakika zake, sahihi kabisa, iko ndani ya begi langu tangu jana, na kioo kizima kimejaa jina moja, Upendo, Upendo, Upendo.

"Baba mdogo," akasema, wala hakupaza sauti, "ulichukua simu yangu ili nisihangaike mimi. Kumbe amehangaika yeye."

Nikaenda mwenyewe mpaka mlangoni. Nikamwambia mwanangu, kosa si la Deo, Deo ameamka alfajiri anakuulizia wewe, kosa ni langu na la hiki kidude. Akafuta macho kwa kiganja, akaniambia, "Nilishamwambia mama aniletee nguo zangu za kila siku. Amezileta, hizo hapo kwenye benchi." Nikaangalia. Gauni la kitenge na kandambili, vimekunjwa vizuri. Niliona haya ambayo sijawahi kuona tangu nizaliwe, na siwezi kuitania hata leo.

Aliyetuokoa ni shangazi yake Upendo, mama mmoja mpana mwenye sauti ya kuuzia samaki gatini. Akasema ndoa ipo, mtoto atanawa uso, Padri atarudi, ila watu wa milimani wana faini. Akaingia kanisani, akatoka na saa ya ukutani, ile kubwa ya duara, ameing'oa msumarini, akanikabidhi mikononi.

"Mwalimu, hiyo ni ya Tanzania," akasema. "Utakaa nayo mpaka ndoa iishe. Ukiiweka chini tu, tunaanza mahari upya."

Nikaipakata. Saa zote zile za kusubiri nimeipakata, nakula nimeipakata, Padri amerudi na vumbi lake akanikuta nimeipakata, akafungisha ndoa huku midomo inamcheza. Wakati wa picha nikajaribu kujificha nyuma ya kwaya, Mama Hyasinta akaninyooshea mkono.

"Simu lete. Si uliinunua kwa ajili ya picha?"

Akapiga yeye. Zote.

Kaka Osmund alikaa juma zima na saa yake iko nyuma, makusudi, mpaka alipokuja kwangu siku moja, akakaa, akanyoosha mkono juu ya meza. "Uliirudisha wewe," akasema. "Ipeleke mbele wewe." Nikaipeleka. Ndipo tukasalimiana.

Siku hizi watu wananiuliza, Mwalimu wewe umetumia zote mbili, ninunue Kanga au Tausi? Nawaambia nunua saa. Na nimeapa, msafara mwingine wowote wa ukoo huu mimi nitabeba kreti za soda, uongozi apewe Mama Hyasinta. Tausi bado ninayo, saa naiweka kwa mkono. Lawama nyingine siwezi kuipa, hasa ya kamera, kwa maana picha ya harusi wameikuza na kuitundika sebuleni kwa kaka. Maharusi wanacheka, mimi nimekaa pembeni yao na duara langu mapajani, na picha ni safi kiasi kwamba ukisimama mlangoni unaisoma saa bila miwani: kumi kasoro robo, saa za Tanzania.