Nilikata Mrija wa Rafiki Yangu Nikidhani Ananiroga Macho

Mimi ndiye niliyekosea. Nalisema hili mapema kabla hujaanza kunionea huruma, maana mtu akisikia habari za macho mabovu huwa na huruma ya haraka. Usinihurumie! Ngoja kwanza usikie nilichomtendea mwenzangu.

Mimi ni fundi cherehani, naishi upande wa Mukuju, wilaya ya Tororo. Nashona sare za shule na gomesi, yale magauni marefu ya akina mama. Mke wangu alifariki, na watoto wako Kampala, wananipigia simu Krismasi na wakati simu zao zinapoharibika. Kwa hiyo watu wangu hasa walikuwa wale wa kwenye chungu.

Huku kwetu, Jumapili watu wakitoka kanisani, wazee huketi kuzunguka chungu cha ajono, pombe ya ulezi. Chungu ni kimoja, maji ya moto yanaongezwa kila mara, na kila mtu ana mrija wake mrefu. Mrija wako hauguswi na mtu ovyo, kwa sababu anayetaka kukudhuru anaweza kupitia hapo. Ukimpa mtu mrija wako akutunzie, basi umemwamini kuliko ndugu yako wa tumbo moja.

Wangu ulitunzwa na Omoding. Hilo si jina lake la kweli. Ni fundi wa baiskeli, tumekua pamoja, tumechunga mbuzi pamoja, tumechapwa pamoja. Mke wangu alipozikwa na waombolezaji wote wakaondoka, yeye alibaki. Alilala kwenye baraza yangu mpaka nilipoweza kuzoea ukimya wa nyumba ile. Kila Jumapili jioni aliosha mrija wangu, akasugua kichujio cha nchani kinachozuia makapi, akauning'iniza kwake pamoja na wake.

Sasa macho. Yalianza kwenye sindano. Natia uzi, tundu silioni. Naona ukungu, kama mtu anayechungulia ndani ya sufuria ya maji yanayochemka. Nafikicha macho, nangoja, wapi! Halafu siku nyingine naamka naona vizuri kabisa, uzi unaingia mara moja, nacheka peke yangu kibandani.

Ugonjwa wa kuja na kuondoka ndio unaomdanganya mtu. Ungekuja ukakaa, ningekwenda hospitali. Lakini kila nilipopanga kwenda, macho yakafunguka, nami nikasema Mungu mkubwa, nikarudi kwenye cherehani.

Nikavuka mpaka pale Busia, nikanunua miwani kwa wachuuzi wa upande wa Kenya. Nikajaribu moja baada ya nyingine mpaka nikapata iliyonifaa. Nikarudi nyumbani nina furaha! Haukupita muda, miwani ile ile ikawa haifai kitu. Nikarudi nikamtukana muuzaji mbele ya wateja wake kwamba ameniuzia uchafu, kumbe maskini hakuwa na kosa. Nikanunua nyingine, nayo ikanigeuka. Nikatia na dawa za matone alizoniambia jirani, zikaniwasha mpaka nikalia.

Halafu nikagundua jambo, au nilijiona nimegundua. Ukungu ulikuwa mzito zaidi Jumatatu. Jumatatu! Na Jumapili nilikuwa wapi? Kwenye chungu. Nilikunywa kwa nini? Kwa mrija. Na mrija ulilala kwa nani?

Wazo hilo niliishi nalo peke yangu, na hapo ndipo lilipokua. Ukikaa peke yako usiku na mchana hakuna wa kukuambia acha upuuzi.

Kilichonimaliza ni maneno ya Omoding mwenyewe. Siku moja alikuja kibandani akanikuta nimemaliza jagi la maji na nataka jingine.

"Fundi," akasema, "wewe nakunywa maji mingi sana siku hizi. Na kukojoa kila saa. Hiyo macho yako enda upime hospitali. Mimi naogopa."

Ningekuwa na akili ningemshukuru. Lakini mimi nilijiuliza: huyu amejuaje? Sikuwa nimemweleza mtu habari za kiu. Nikaona amejifichua mwenyewe, mchawi anakuja kuangalia dawa yake imefika wapi. Ona mtu nilivyokuwa mjinga!

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwenye chungu na mkasi wangu wa kukatia vitambaa mfukoni. Wazee wameketi, maji ya moto yameongezwa, mazungumzo yamenoga. Nikasimama. Nikachukua mrija wa Omoding mdomoni mwake, nikaukata katikati. Kwetu ukimkatia mtu mrija umemwambia hana tena nafasi kati ya watu.

"Huyu ananiua macho!" nikapiga kelele. "Mrija wangu unalala kwake, nami kila Jumatatu ni kipofu!"

Hakuna aliyecheka. Omoding alikuwa bado ameshika kipande kilichobaki. Akaniangalia, akauchukua mrija wangu ulioegemea chunguni, akaunyonya mbele ya wote, akameza, akanyonya tena.

"Kama iko kitu, basi tutakufa wawili," akasema. "Ndugu yangu, mimi sijui hiyo maneno."

Palepale angekuwa ameokoka. Lakini mzee mmoja akadakia, "Huyo ana dawa ya kujikinga nyumbani kwake!" Basi ikawa imekwisha. Watu wakasogeza viti, waliokuwa karibu naye wakahamia upande wangu. Omoding akasimama polepole, akavaa kofia yake, akaenda zake. Nami nilijiona shujaa, watu wakanipigapiga mgongoni.

Baada ya hapo baiskeli hazikupelekwa tena kwake. Mama mmoja akamwita mtoto aliyekuwa amesimama karibu na karakana ya Omoding, aondoke upesi. Kanisani benchi lake likawa la mtu mmoja. Haukupita muda mrefu akafungasha spana zake, akavuka kwenda kwa dada yake, Busia ya upande wa Kenya.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ungamo langu lilipo. Yale ya kwanza unaweza kusema ni ujinga.

Nilitengeneza mrija mpya, nikautunza mwenyewe, ndani ya nyumba iliyofungwa kufuli. Na macho yakaendelea! Siku moja katikati ya wiki, sijagusa pombe, nimekula chapati na kunywa soda mbili kwa sababu ya kiu, ukungu ukanishukia nikiwa kwenye cherehani. Nikakaa nimeshika kitambaa. Nikajua. Siku hiyo nilijua kabisa kwamba Omoding hakuwa na kosa.

Nikanyamaza! Jumapili nikaenda kwenye chungu, nikaulizwa, "Fundi, macho yamepona sasa?" Nikajibu, "Yamepona." Nikanywa. Kiti cha Omoding kilikuwa pale, mtu amewekea koti. Niliona aibu kuliko nilivyoona huruma, na huo ndio ukweli wangu.

Mwisho nilijishona kidole. Sindano ya cherehani iliingia upande mmoja ikatokea wa pili, kwa sababu ukingo wa kitambaa sikuuona. Nikakimbilia hospitali ya serikali. Muuguzi aliyekuwa ananifunga kidole akaniuliza nilikuwa naangalia wapi, nikamweleza. Akaniuliza kiu, nikakubali. Mkojo wa usiku, nikakubali. Kupungua uzito, nikaangalia mkanda wangu nilivyoutoboa tundu jipya. Akanichoma kidole kingine, akaweka tone la damu kwenye kipimo.

"Mzee, sukari yako iko juu sana," akasema. "Kwa nini umechelewa hivi?"

Daktari akanieleza kwa utulivu. Sukari ikipanda kwenye damu, ile lenzi ya ndani ya jicho huvuta maji ikavimba, basi unaona ukungu. Ikishuka, lenzi inarudi, nawe unaona. Ndiyo maana miwani ilinifaa leo ikanikataa kesho. Ndiyo maana Jumatatu: ajono mchana kutwa, halafu chai yangu ya usiku niliyokuwa naijaza sukari kama uji, na soda juu yake. Mchawi nilikuwa namtia mwenyewe kwa kijiko!

Akaniambia si kila ukungu ni sukari. Unaweza kuwa presha, macho makavu, vumbi, kichwa kinachouma upande mmoja, au kushona bila kupumzisha macho. Ndiyo maana mtu hupimwa, habahatishi. Na jicho likizimika ghafla, au likiuma sana, au ukungu ukija pamoja na mdomo kwenda upande na ulimi kuwa mzito, usingoje hata kesho.

Kwangu alinipa vidonge, akanikataza pombe na soda, akasema nisinunue miwani mpaka sukari itulie. Kila mwaka niangaliwe nyuma ya jicho, kwa sababu sukari huharibu huko bila kupiga hodi. Kuna sehemu imeshaanza kuharibika. Hiyo hairudi, akasema, tunailinda isiendelee.

Nilivuka mpaka kwenda kwa Omoding. Dada yake akanikaribisha uani, akaniletea kiti na maji. Omoding alikuwa anaziba pancha. Amezeeka! Nikamweleza yote, sukari na miwani na kidole. Nikapiga magoti kwenye udongo ule, nikalia kama mtoto.

Alinisikiliza huku akisugua mpira. Halafu akauliza, "Umewaambia?"

"Nani?"

"Wale wa kwenye chungu."

Nikasema bado. Nilitaka kuanza na yeye.

"Fundi, mimi nimekusamehe zamani," akasema. "Lakini mrija wewe ulikata mbele ya watu. Hapa kwa dada yangu hakuna watu."

Nikarudi, na Jumapili nikasimama. Nikawaambia Omoding hakufanya kitu, na kwamba mimi nilijua muda mrefu nikanyamaza. Mzee yule aliyedakia aliangalia chini. Mwingine akasema, "Kwa hiyo wewe ndiye umetufanya tumfukuze mtu bure?" Hakuna aliyenifukuza. Lakini walihamisha mazungumzo, na viti vya pande zangu mbili vikabaki wazi. Pombe sinywi, basi hata sababu ya kurudi sikuwa nayo.

Nikampigia simu Omoding kumwambia nimesema. Akajibu, "Nimesikia. Asante, ndugu yangu." Nikamwambia kiti chake kipo. Akasema yuko na wateja.

Wewe unayesoma, nakuomba. Macho yakija na kwenda, usifurahie yanaporudi. Nenda upime sukari, upime presha, uangaliwe macho na anayeyajua. Na ukisikia moyo unaanza kutafuta mtu wa kumlaumu, kimbia hospitali upesi zaidi! Rafiki aliyekuambia ukapime ndiye aliyekuwa anakuona.

Sukari imetulia. Nimepata miwani, na hii haijanikataa. Jumapili naketi uani peke yangu na chai isiyo na kitu, naangalia barabara. Naiona mpaka kule inakokata kona. Kila anayekuja kutoka upande wa Busia namtambua uso akiwa bado mbali, na kila mara si yeye.