Memori Ilikuwa Mbuzi Wangu

Enzi zile za miaka ya tisini, sisi watoto wa Garissa tulikuwa na nyayo ngumu kuliko malapa yetu. Mchana mchanga ulichoma, tukawa tunakimbia kutoka kivuli hadi kivuli kama kuku. Tulicheza gololi, tuliruka kamba, tulifukuza malori ya ng'ombe mpaka utingo akatutupia matusi. Jioni tulikunywa chai ya maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi wa kibuyu, tamu mpaka meno yanauma. Vijana wa leo ukiwapa chai ya moshi wanauliza kama imeungua.

Lakini sikukaa hapa kuandika habari za chai. Juzi kwenye harusi nilimsikia kaka yangu Yusuf akiwaambia watu jinsi alivyounda kompyuta ya kwanza ya michezo mtaani kwetu, "mimi mwenyewe, kwa mikono yangu." Mwenyewe! Nilikuwa nimeshika sahani ya wali. Niliiweka chini.

Sasa sikilizeni ilivyokuwa.

Mjomba wetu, Abti Hassan, alikuwa dalali wa mifugo, na kila mara alipanda lori la ng'ombe kwenda Nairobi. Likizo moja alimchukua Yusuf. Kijana alirudi kama mgonjwa: hali chakula, halali usingizi, anachora magari kwenye daftari la hesabu. Alikuwa ameona duka la vipuri vya kompyuta kule Eastleigh, na mwenye duka alikuwa anacheza mbio za magari kwenye skrini. Kompyuta nzima hatungeweza hata kuiota. Lakini yule mwenye duka alimwambia vipuri vilivyotolewa kwenye mashine kuukuu za maofisi ni rahisi, mtu akichagua kwa akili anapata mashine inayotembea.

Kuchagua kwa akili! Yusuf na binamu yetu Abdi walikaa na orodha yao wiki nzima. Kasha, bodi, prosesa, memori, diski, skrini, kibodi, spika. Yusuf alitaka skrini kubwa na spika mbili ndefu kama minara. Abdi alitaka kasha jeusi lenye kung'aa, ati watu wakiingia waogope. Kwa memori walikuwa wameandika "kidogo tu."

Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, lakini nilikuwa nikipeleka barua za mama kwa Halima, dada aliyekuwa akipiga chapa kwenye kibanda karibu na msikiti. Alikuwa na kompyuta, na nilikuwa nimemuuliza. Aliniambia, "Kompyuta isiyo na memori ni mtu mwenye mdomo mkubwa na koo dogo. Atauma tonge, atakabwa."

Nikawaambia. Yusuf hata hakuinua kichwa. "Wewe nenda kachote maji."

Abti Hassan alikuwa amelala kwenye mkeka, kofia usoni. Akasema bila kuiondoa, "Sikilizeni huyu msichana. Ng'ombe hainunuliwi kwa pembe."

Basi orodha ikakatwa. Spika zikafutwa, na kadi ya sauti pamoja nazo. Skrini ikawa ndogo, yenye mkwaruzo. Kasha jeusi likawa la rangi ya maziwa yaliyochacha, na Abdi alinuna siku mbili. Pesa za kila kitu zikapatikana isipokuwa za memori yenyewe. Yusuf alikuwa ameshauza beberu wake, Abdi naye ameshauza wake. Ndipo nikaona macho yote yanamtazama mbuzi wangu, Adey.

Kwetu mtoto akizaliwa anatengewa mnyama, na kitovu chake kinafungwa kwa mnyama huyo. Ni wake. Akizaa, watoto ni wake. Baba hawezi kumuuza bila kukuuliza. Wa kwangu alikuwa Adey, mbuzi jike mweupe, na alikuwa na mwana. Alikuwa ananijua kwa sauti. Nikichelewa kutoka dugsi, madrasa yetu, aligoma kuingia zizini.

Yule aliyenituma maji sasa akaanza kunibebea ndoo. "Abaayo," anasema, dada, dada mtamu. "Abaayo, bila wewe hii kitu ni sanduku tu."

Nikasema sawa, lakini zamu yangu iwe sawa na zenu. Nyanya yetu, ayeeyo, alikuwa anasikia. Yusuf akaapa mbele yake.

Sokoni nilimshika Adey kamba mwenyewe, mwanawe akitufuata. Abti na mnunuzi waliingiza mikono chini ya shuka, kama madalali wafanyavyo, vidole vikaongea bila mdomo kusikika, na kumbe bei imekubaliwa. Nililia njia nzima ya kurudi. Wiki mbili baadaye lori likaleta vipuri vimefungwa ndani ya godoro. Nikauliza memori iko wapi. Yusuf akanionyesha kitu chembamba, urefu wa kidole, chenye meno kama kitana. Mbuzi wangu mzima na mwanawe, ndiyo hiyo.

Mashine iliwaka. Mtaa mzima ulikuja. Siku ya kwanza niliambiwa kuna wageni. Siku ya pili niliambiwa kesho. Siku ya tatu niliagizwa chai. Siku ya nne Abdi akasema mbele ya watu, "Magari si mchezo wa wasichana, utaiharibu." Nikamtazama Yusuf, aliyeapa. Yusuf akatazama skrini.

Hasira ile ninaijua mpaka leo inakaa wapi mwilini.

Kesho yake walipoenda kuoga mtoni, nilifungua kasha vile nilivyomwona Yusuf akifungua. Nikabana vishikizo viwili, nikaitoa memori yangu, nikaifunga kwenye pindo la mtandio, nikaenda zangu dugsi.

Niliporudi, nyumba ilikuwa msiba. Kifilimbi kidogo ndani ya kasha kinalia pii, pii, skrini nyeusi. Yusuf macho mekundu, Abdi anasoma dua. Abti alikuwa ameitwa airudishe Nairobi.

"Si mbovu," nikasema. "Nimetoa mbuzi wangu zizini."

Yusuf alinirukia, Abti akamkamata shati. Akakaa chini, akatukalisha wote, kama kesi ya kugombea kisima vile. "Hii kitu ilinunuliwa na mbuzi ya nani?"

"Ya huyu, lakini abti, sasa ni ya kompyuta."

"Mbuzi ikiingia zizi ya mtu mwingine inabadilisha mwenyewe?"

Yusuf akamtazama Abdi.

"Mliapa nini?"

Ayeeyo ndiye aliyejibu, neno kwa neno. Abti akasimama, akakung'uta shuka lake. "Mtu akidhulumiwa anaondoa mnyama yake. Hakuna kesi. Mkitaka irudi, muombeni yeye, si mimi."

Waliniomba. Nikawafanya wangoje mpaka baada ya alasiri, nikairudisha kwa mkono wangu, na aliyekaa kwenye kiti akawa mimi.

Nilikuwa dereva mbaya ajabu. Niligonga ukuta, nikarudi kinyume, nikagonga ukuta ule ule. Abdi alicheka mpaka akatoka nje. Na kwa kuwa hatukuwa na sauti, gari lilikuwa likigonga kimya kama ndoto. Ndipo Yusuf, akiwa bado amenuna, akasogea pembeni yangu na kuanza kuunguruma kwa mdomo kwa niaba ya gari langu. Gia ya kwanza, ya pili, breki. Alifanya hivyo zamu yangu nzima, mate yakimruka. Tangu siku hiyo ikawa sheria: asiyeshika kibodi ndiye injini.

Hilo hakuwasimulia watu wa harusi.

Baada ya harusi nilikwenda nyumbani kwa Yusuf, nikamkuta mwanawe chumbani. Mashine yake ina feni zinazowaka rangi zote za khanga, na vipuri aliviagiza kwa simu, vikaja mlangoni. Amefunika masikio kwa vipokea sauti, anapiga kelele na watu wasiojulikana wako nchi gani. Nilisimama nyuma yake muda mrefu. Mwishowe nikamgusa bega, nikamuuliza zamu inayofuata ni ya nani.

Akafunua sikio moja, akamtazama shangazi yake.

"Zamu gani, eeddo? Hii ni yangu peke yangu."

Alisema kwa upole, maskini, kama mtu asiyejua amenyimwa nini.