Kaske Moja kwa Akina Mama Tisa

Siku ile bado naiona, mwanangu, siku niliyopanda basi la Kasumbalesa na begi moja la kitambaa, watu wa soko la Kikula wakinisindikiza kwa vicheko. Walisema sitafika mbali. Fundi mmoja wa redio, ambaye nilikuwa nimemharibia mashine mbili, alipaza sauti mbele ya wote: "Weye? Utasoma elektroniki? Hata tochi inakushinda!" Mwingine akaapa kwamba nitarudi mwaka uleule, nikiuza mayai ya kuchemsha.

Sikurudi mwaka ule. Nilikaa Afrika Kusini miaka tisa, mchana nikibeba masanduku ghalani, jioni nikisoma, bila mjomba wala padri wa kunisaidia, nikarudi Likasi na diploma ya elektroniki yenye muhuri mwekundu. Iko ukutani, ingia uisome. Nyumba hii ya matofali ya kuchoma nimeijenga mimi. Friji, jenereta, redio, katika mtaa huu hakuna kilichonishinda. Sisemi haya kwa majivuno. Au tuseme kwa majivuno kidogo, maana mtu asiyejisifu atangoja sana kusifiwa. Lakini leo sikuiti nikuhadithie ushindi. Kuna jambo moja lililonishinda, na lilikuwa dogo, hata yule fundi wa redio angeliweza.

Umetoka kwenu kuja kuniuliza ununue kaske, ile ya kuvaa masikioni, au spika, ambazo sisi hapa tunaziita bafle. Swali hilo nililijibu kabla hujazaliwa, na nililijibu kwa hesabu sahihi. Nilirudi kutoka kusini na ugonjwa wa kupenda sauti safi, ile inayokuruhusu kusikia mpiga gitaa akivuta pumzi. Nikaona kwamba kwa bei ya kaske moja nzuri, dukani utapata spika mbovu tu. Ukitaka spika za kufikia usafi ule, zidisha bei mara kumi, ongeza amplifaya, ongeza chumba chenye mapazia mazito, na bado umeme wetu utakatika katikati ya wimbo. Kaske inatosheka na betri. Nilimweleza kila mtu hesabu hiyo, na hakuna aliyeweza kuipinga.

Mama yangu alikuwa amefariki mwaka uleule niliorudi. Alikuwa mwanzishaji wa nyimbo katika kwaya ya parokia, na sauti yake ilibaki kwenye kaseti moja tu, iliyorekodiwa siku ya sikukuu kule misheni ya Kapolowe. Kaseti hiyo niliihamishia kwenye kompyuta. Wiki tatu nilifanya kazi ya kuondoa mikwaruzo, mpaka Mama akasikika kana kwamba amesimama mlangoni. Nilimsikiliza kwa kaske kila jioni, nikalia, nikajipongeza.

Mwaka ulipotimia, ukafika wakati wa kutoa matanga. Papa, yaani baba yangu, alikuwa mzee tayari. Miaka thelathini na mmoja alifanya kazi kwenye vinu vya kusaga mawe ya shaba, njia ya Kakanda, na vinu vile vilimnyang'anya masikio kidogo kidogo. Akaniita.

"Mutoto yangu, siku ya kutoa matanga, tia bafle mu kiwanja. Benzake ya mama yako batakuya. Tuimbe naye."

"Papa, bafle ya muzuri iko bei sana. Ngoja kidogo, nitaleta za kweli."

"Hata ya mubaya."

"Ya mubaya? Mu nyumba yangu? Batu batasema ile diploma ilinifundisha nini?"

Wahenga walisema heri kenda shika kuliko kumi nenda uje, lakini mimi nilikuwa mtu wa kumi.

Siku yenyewe, jirani yetu Tantine Godelive, muuza unga, alifika langoni na bafle la dukani kwake kichwani. Lilikuwa limepasuka, limefungwa kwa kamba ya mpira.

"Rudisha kwako, Tantine," nikamwambia. "Ile inakohoa."

Akacheka. "Inakohoa, lakini inasema!"

Nikamrudisha nalo, mwanangu. Nikatoa kaske yangu.

Akina mama wa kwaya walikuwa tisa. Niliwapanga kwenye benchi, nikawavalisha kaske mmoja baada ya mwingine, kila mmoja wimbo mmoja. Nilidhani nawapa zawadi. Wa kwanza alipoivaa akaanza kulia kwa sauti, na wenzake wanane wakamtazama tu, hawajui analia kwa ubeti gani. Wa tatu akasahau kwamba wengine hawasikii. Akaitikia kwaya kwa nguvu, peke yake, nje ya sauti kama wanavyoimba watu waliozibwa masikio. Watoto wakacheka ukutani. Naye akaona aibu, akaivua kaske kabla wimbo haujaisha. Wimbo walioimba pamoja miaka ishirini, siku ile kila mmoja aliusikia peke yake, na waliobaki wakakaa kimya, mikono mapajani, wakingoja zamu kama watu wa zahanati.

Papa alikuwa wa mwisho. Nilimwongezea sauti hadi mwisho. Alikaza macho, akakaza, halafu akaivua.

"Minasikia nyuki mu chupa," akasema.

Akakunja waya vizuri, akanirudishia. "Haina mubaya. Tutangoja ile yako."

Baada ya hapo nilitafuta sauti bora zaidi, lakini sikuanza na spika. Nilijiambia kaske yenyewe ndiyo haikutosha. Nikanunua nyingine, nzito, ya Kijapani. Hiyo ikadai amplifaya yake. Amplifaya ikadai waya wa fedha. Rahisi huwa ghali. Miaka miwili ilipopita nikajumlisha kwenye karatasi, nikakuta kaske za bei nafuu zimekula bei ya spika nzima, na bado ni mtu mmoja tu anayesikia. Ndipo nikaagiza spika za kweli kutoka Johannesburg. Sikuwa na fedha ya kutosha, nikakopa kwa shemeji yangu, kwa seremala, na kwa Tantine Godelive yuleyule niliyemrudisha langoni.

Zilikwama forodhani Kasumbalesa majuma matano. Katika juma la nne Papa alishikwa na homa ya mapafu, na katika siku tatu tu akatuacha. Spika zilifika siku nane baada ya mazishi. Nilizitoa kwenye maboksi, nzuri ajabu, mbao zake zikinukia. Sikuziwasha mwezi mzima.

Mwaka mmoja na nusu baadaye nilitoka nyumbani nimevaa koti langu jeusi, na bahasha tatu. Nililipa shemeji, nikalipa seremala, kila mahali nikisimama wima ili mtaa uone kwamba mimi sikopi nikakimbia. Wa mwisho alikuwa Tantine Godelive. Alizihesabu fedha zake, akazifunga kwenye kitenge, kisha akanionyesha kiti kando ya lile bafle lake.

"Ikala. Papa yako alikuwa anaikala pale."

"Siku gani?"

"Kila siku, nyuma ya chakula ya mchana. Alikuwa anatia mukono hivi." Akabandika kiganja chake juu ya mbao zilizopasuka. "Anafunga macho. Anasema kwa mukono anasikia. Rumba, matangazo, habari, yote sawa. Siku moja akaniuliza, 'Godelive, hauna wimbo ya bibi yangu?' Nikamwambia, ile iko na mutoto yako tu. Akasema, 'Haina mubaya. Anatafuta bafle ya muzuri. Mutoto yangu anajua kazi.'"

Kutoka kwangu mpaka duka lile ni mwendo wa dakika mbili. Wimbo ungeenea kwenye kadi ya kumbukumbu ndogo kuliko ukucha.

Mwanangu, sikukatazi kaske. Kwa mwenye masikio mawili na mfuko mwepesi, bado hesabu yangu ni sahihi. Lakini kabla hujauliza bei, uliza nyumbani ni masikio mangapi yanayongoja. Ukikuta ni zaidi ya yako, nunua bafle, hata linalokohoa, ulinunue leo, uliweke kiwanjani. Usimngojeshe mzee wako kwa ajili ya sifa yako. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, na mzazi vilevile.

Mungu akupe kazi ya mikono na jina jema. Akupe nyimbo, na walioziimba wawe bado hai kuzisikia, na akufungue mkono kabla ya kukufungulia duka. Nenda kwa amani, mwanangu. Msalimie baba yako, na ukifika useme kwa nguvu, akusikie.