Kifaru cha Mwezini na Vitundu Vyake

Hamdun bin Obeid wa Timbwani alijaliwa vidole vinene na mdomo mwepesi, na jina lake lote mtaani lilitokana na mdomo. Mchana alikuwa karani bandarini, akigonga mihuri kwenye karatasi za mizigo. Jioni, akishavuka feri na kula wali wake, aligeuka kuwa, kwa maneno yake mwenyewe, fundi wa vifaru. Mkewe Alawiya, aliyemsikia akijitangaza hivyo barazani kila siku ya Mungu, alikuwa akimjibu kimoyomoyo nyuma ya pazia: fundi wa domo.

Vifaru vyenyewe ni yale magari ya vita ya chuma, yenye mzinga juu na minyororo chini. Vya Hamdun vilikuwa vya plastiki na vilitosha kiganjani. Alivinunua kisiwani, ng'ambo ya feri, kwenye duka la vitu vya watoto wa Kizungu, vikiwa vipandevipande ndani ya sanduku, kila kipande kimeshikamana na kijiti chake, pamoja na karatasi ya picha za kuonyesha kipi kigandishwe wapi. Mzungu humnunulia sanduku kama hilo mwanawe wa miaka kumi. Hamdun alikuwa na miaka thelathini na minane, na mvi mbili tatu ndevuni.

Angefuata karatasi kama watoto wa Wazungu, pengine asingekuwa na la kusemwa. Lakini mwaka ule wa hamsini na saba redio ilitangaza kwamba Warusi wamerusha chombo kinachozunguka angani juu ya vichwa vya watu, na Hamdun hakulala. Alfajiri alimwamsha mkewe kumweleza kwamba binadamu atafika mwezini, na akishafika atapigana, maana ndiyo tabia yake, na akipigana atahitaji vifaru. Vifaru vya duniani havitafaa. Kule hakuna hewa wala maji, na vumbi lake ni jingi kuliko la Changamwe. Basi yeye atachukua vifaru vya vita vya Hitler, avikate, avipe miguu sita, kuba la kioo, na milingoti ya kunasa sauti.

"Na nani atakwenda navyo huko mwezini?" Alawiya aliuliza.

"Wewe huelewi mambo haya, mama Khairiya."

Khairiya ni binti yao. Kwa miaka kumi na miwili ya ndoa Hamdun hakumwita mkewe kwa jina mbele ya mtu. Ndani alikuwa mama Khairiya, barazani alikuwa "watu wa nyumbani kwangu". Wanaume wengi wa mtaa walifanya hivyo kwa heshima, na Alawiya hakuwa na ugomvi na heshima. Ugomvi wake ulikuja baadaye.

Kwa haki, fikra ile ilikuwa nzuri. Alawiya aliliona hilo tangu asubuhi ya kwanza, na ndilo lililomuudhi zaidi. Fikra kama ile kuangukia mikono kama ile! Hamdun akikata, anakata kombo. Akipaka gundi, inafurika mpaka pembeni, na lile kuba la kioo, ambalo gundi ikiligusa tu hufanya ukungu, likawa kama jicho la mbuzi mwenye mtoto wa jicho. Milingoti ilianguka kabla ya kikombe cha kahawa kupoa. Hamdun aliilaumu gundi, akawalaumu Waingereza walioitengeneza, akalaumu joto la Likoni. Vidole vyake havikutajwa.

Alawiya alikuwa mshona kofia. Alifundishwa na mamake, marehemu Bi Kuluthum, angali mtoto wa miaka tisa: kutoboa kitambaa kwa sindano, kuuzungushia uzi mdomo wa kitundu mpaka usimame, kisha kitundu kingine, mamia kwa mamia, mpaka nakshi itokee. Tena Bi Kuluthum alikuwa na desturi yake. Kila baada ya vitundu saba aliuzungusha uzi bila kutoboa, akaacha kimoja kipofu. Kazi isiyo na kasoro, alisema, huvuta hasadi, na hasadi humrudia aliyeivaa. Alawiya alirithi sindano, na kitundu kipofu akakirithi pia. Kofia zake, Bwana Hadi muuza nguo alizipanga dukani akiwaambia wateja ni kazi ya Lamu, kwa kuwa mteja akisikia Lamu hufumba macho akanunua. Nusu ya wanaume wa Timbwani walikuwa wakitembea na kazi ya Alawiya kichwani huku wakiwasifu wanawake wa Lamu.

Siku moja ya mwaka wa hamsini na tisa, Hamdun akiwa kazini, Alawiya alikichukua kifaru kimoja kilichoharibika. Alikwangua gundi kwa wembe. Alipasha sindano kwenye makaa, akaigusisha kwenye plastiki, na tazama, kitundu kilifunguka chenyewe na mdomo wake ukasimama kuzunguka ukingo, sawasawa na cha kofia, tena bila uzi. Akazungusha safu nzima ubavuni, matundu ya kupumulia. Akachukua kijiti kilichobaki sandukuni, akakipasha juu ya mshumaa mpaka kikalegea, akakivuta polepole. Kikawa uzi mwembamba kuliko unywele, ukasimama wima ulipopoa. Ukawa mlingoti. Alicheka peke yake jikoni kama mwehu. Kofia alizishona kwa mazoea, lakini hiki alikifanya kwa raha.

Hamdun aliporudi alikizungukazunguka kifaru kile, akainama, akainuka.

"Ehe," alisema. "Ndivyo nilivyokuwa nimekusudia."

Hakuuliza nani. Unaweza kudhani alifikiri ni majini.

Tangu siku hiyo Hamdun alisema na Alawiya akafanya. Yeye alitaka taa. Mkewe aliingiza balbu ya tochi. Yeye alitaka ngazi; mkewe alikata meno ya kitana. Kifuniko cha kalamu kikawa mzinga, kifungo cha shati kikawa mlango wa dereva. Wageni wakija, vifaru vilitolewa kwenye sinia pamoja na kahawa, na Hamdun aliwaeleza alivyotoboa, alivyopasha, alivyovuta, huku pumzi zikimjaa kifuani. Wazee wazima waliopita nyumba hiyo wakikuna vichwa walimwita mhandisi. Kimoja kiliombwa na mzee aliyetaka kujua kama kinaweza kulima.

Alawiya alinyamaza. Jirani yake Mwanatatu, mshona kofia mwenziwe, alimuuliza anawezaje.

"Nangoja nione huo urongo utafika wapi," alijibu.

Ulifika mbali. Mwaka wa sitini na tatu, wiki chache kabla ya bendera ya uhuru kupandishwa, kamati ya Likoni ilitangaza maonyesho ya kazi za mikono. Kazi itakayoshinda ingepelekwa kisiwani kuwekwa pamoja na za pwani nzima, ikiwa na kadi ya jina la aliyeitengeneza, watu waje waisome. Hamdun aliamua kupeleka kifaru kikubwa kuliko vyote, kilichounganishwa kutoka masanduku matatu. Alawiya alikishughulikia miezi miwili. Vilipobaki vitundu vya kuba, aliweka sindano chini.

"Nina neno, baba Khairiya. Kwenye kadi nataka jina langu liwepo na lako."

Hamdun alicheka. "Mke wa mtu aandikwe ukutani, wapita njia wamsome? Watu watasemaje?"

"Watasema amefanya kazi."

"Fikra ni yangu!"

"Fikra ni yako, sikatai. Na mikono ni yangu."

Siku tatu sindano haikupashwa. Siku ya nne Hamdun aliitazama kalenda, akakitazama kifaru ambacho hakijakwisha, akasema, "Inshallah, litaandikwa." Alawiya alikuwa akiijua inshallah ya mumewe, ile ya kumfukuzia mtu mlangoni. Hata hivyo alimaliza kazi, kwa sababu ilikuwa kazi yake na hakuweza kuiacha na upande mmoja mtupu. Kwa miaka yote ile hakuwa ametaka kitu kwa Hamdun zaidi ya hicho, na alijidharau kidogo kwa kukitaka hivyo.

Ukumbi wa maonyesho ulijaa mikeka, vikapu, vibao vya mbuzi na vyungu. Wanaume walisimama mbele, wanawake wakakaa upande wao, nyuma ya kamba. Kifaru cha mwezini kiliwekwa katikati juu ya kitambaa cheupe. Alawiya alimtuma binti yake akasome kadi.

"Imeandikwa Hamdun bin Obeid, Fundi," Khairiya alisema aliporudi.

"Na chini yake?"

"Chini yake hapana kitu, mama."

Alawiya alihisi uso ukimwaka. Alikuwa ameutarajia uongo huo, lakini ulimuuma kama mtu asiyetarajia. Mwanatatu alimshika mkono, na kwa mara ya kwanza Alawiya aliona aibu kwa kule kunyamaza kwake miaka minne.

Mwamuzi alikuwa Mzee Mwidani, mkulima wa minazi, mtu wa macho makali na maneno machache. Alipita kwenye mikeka, akapita kwenye vyungu, akafika kwenye kifaru na kukaa hapo. Hamdun alimwagika maneno. Alieleza mwezi, alieleza vumbi, alieleza Warusi. Mzee aliinama mpaka pua ikakaribia plastiki.

"Vitundu hivi umetoboa wewe?"

"Kwa mkono wangu huu, mzee."

"Kazi nzuri. Sasa niambie. Kila vikipita saba, kimoja kimezibwa. Kwa nni?"

Mtu mwingine angesema hajui. Hamdun hakuwahi kutojua kitu. Alikohoa, akarekebisha kofia yake, akaanza.

"Ah, hapo mzee umegusa penyewe. Hiyo ni sayansi. Mwezini hakuna hewa, basi dereva hupumua ya kwenye matundu saba, na la nane huzibwa ili kuwekea hewa ya akiba. Nililipima hilo kwa hesabu muda mrefu."

Upande wa wanawake kulikuwa na mguno. Mzee Mwidani hakucheka. Alivua kofia yake polepole, akaiweka juu ya kitambaa cheupe kando ya kifaru, akaanza kuhesabu vitundu kwa ukucha. Moja, mbili, mpaka saba. Cha nane kilikuwa kipofu.

"Subhanallah," alisema. "Kumbe nami natembea na hewa ya akiba, nami siyui. Hebu vua yako."

Hamdun aliivua. Miaka kumi na minane alivaa kofia za mkono ule, na hakuwahi kuigeuza moja akaitazama. Wanaume wa mbele walianza kuvua zao mmoja mmoja, wakihesabu kwa midomo, na kicheko kikapita ukumbi mzima. Bwana Hadi, aliyekuwa amewauzia nyingi kati ya hizo kwa jina la Lamu, alikumbuka kwamba hakufunga duka.

"Hii ni kazi ya binti ya Kuluthum," Mwanatatu alisema kwa sauti kutoka nyuma ya kamba. "Hapana mtu mwingine hapa nti hii mwenye kuacha tundu hilo."

"Ni kweli?" mzee alimuuliza Hamdun.

"Watu wa nyumbani kwangu hunisaidia," alisema. "Mambo madogo madogo."

Mzee alimwacha amesimama na hayo madogo madogo yake, akageukia wanawake.

"Binti Kuluthum!"

"Abee."

"Ndoo hapa, mwanangu. Ni nani aliyekitengeneza hiki?"

Alawiya alipita chini ya kamba na buibui lake. Sauti ilimtoka nzima. "Fikra ni ya baba Khairiya, mzee, si yangu, na ni nzuri. Kukata, kutoboa, kuvuta na kupaka rangi ni mimi."

"Basi kimeshinda," alisema Mzee Mwidani, "na kadi hii tutaiandika upya."

Karani wa kamati, kijana aitwaye Ngala aliyesoma kwa wamishonari, alichukua kadi safi na kuandika kwanza jina la Hamdun, na mbele yake neno fikra. Kisha, bila kuuliza, akaanza, akitamka kila anachoandika: Mke wa.

"Siye huyo," Alawiya alisema. "Nipe kalamu."

Alikuwa amesoma chuo cha Kurani kwa maalim na hakujua herufi za Kizungu. Aliandika kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia, kwa mkono uleule wa kofia, polepole. Ngala aliigeuza kadi huku na huku.

"Mimi haya siwezi kusoma, mama. Imeandikwa nini?"

Alawiya alimpa mumewe kadi ile, maana Hamdun alisoma herufi zote mbili na alijisifia jambo hilo kwa kila mtu.

"Soma, bwana," alisema. "Karani apate kunakili."

Hamdun aliitazama kadi kwa muda ambao haukuhitajika kwa maneno matatu.

"Alawiya binti Athmani," alisema kwa sauti ya mtu anayezungumza na kifua chake.

"Hatukusikia," alisema Mzee Mwidani.

Akasoma tena. Alawiya alisimama hapo hapo, mikono ameikunja ndani ya buibui, akamngoja asome mara ya tatu.