Kaseti ya Mjomba na Salamu za Bibi

Mjomba wangu alikuwa mtu wa idara ya maji hapa Ibra, Oman, kanzu yake imepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama, na katika miaka ya tisini sidhani kama mji mzima ulikuwa na mtu mtulivu kumshinda. Ndiyo maana hakuna aliyemwamini aliposema kwamba ujanani, huko London, alikuwa akipiga dramu katika bendi ya panki.

Mimi peke yangu nilimwamini, kwa sababu nilikuwa nimeisikia. Baada ya mapinduzi ukoo wetu ulitawanyika kutoka Unguja, wengine Mombasa, wengine Dubai, na yeye akaangukia kwa jamaa zetu Uingereza. Alipofika miaka kumi na tisa alikuwa akiosha sahani mkahawani. Huko akajuana na vijana watatu wa Kiingereza wasio na kazi, wakawa wanakutana chini ya ghala la mazulia kupiga kelele zao, wakati muziki wa namna hiyo ulikuwa bado mpya na watu wazima wanautemea mate.

"Hatukujua kupiga," aliniambia. "Mwenye gitaa alijua kuweka vidole mahali patatu tu, basi. Lakini hasira ilikuwa yetu wenyewe, wallahi, hatukuiazima kwa mtu."

Walidumu miezi tisa. Hawakutoa santuri hata moja. Siku moja waliweka redio ya kaseti juu ya kiti, wakabonyeza, wakapiga nyimbo zao zote bila kusimama ila kuigeuza kaseti, na kwa kuwa redio ilikuwa ya mjomba, kaseti akabaki nayo yeye. Kisha wawili kati yao wakaondoka wakaunda bendi nyingine, ikapata jina kubwa. Mjomba akarudi Oman, nchi ya babu zake ambayo alikuwa hajawahi kuiona, na kaseti yake sandukuni.

Ijumaa baada ya sala alikuwa akinipakia ndani ya pikapu yake, akaegesha kando ya mashamba ya mitende, akafunga vioo na kunifungulia. Bibi, yaani mama yake, hakutaka fujo ile nyumbani. Na ilikuwa fujo kweli. Nilikuwa na miaka kumi na moja na sikuipenda hata kidogo. Nilichokipenda ni kwamba aliyechaguliwa kuisikiliza ni mimi. Mjomba alikuwa akipiga usukani kwa vidole, na uso wake ukawa wa mtu nisiyemjua.

Bibi naye alikuwa na kaseti zake. Hakujua kuandika, na dada yake alibaki Pemba, kwa hiyo barua zao zilikuwa za sauti, kama zilivyokuwa za nyumba nyingi za watu wetu. Akitaka kumpelekea dada yake salamu, alikoga, akavaa nguo yake ya kutokea, akafukiza udi, akakaa mkekani mbele ya redio kama vile mgeni keshafika. Kazi yangu ilikuwa kubonyeza na kuzima.

Mchana mmoja jirani akapita kuaga: safari yake ya Unguja na Pemba imeharakishwa, anaondoka leo baada ya alasiri, na kama bibi ana salamu azitoe sasa hivi. Dada wa bibi alikuwa mgonjwa. Nyumbani hapakuwa na kaseti tupu, na maduka yote yamefungwa kwa joto. Bibi akaanza kulia. Nikatoka, nikaenda kwenye pikapu.

Hapa sitaki kujisafisha. Kaseti ile haikuwa na maandishi, lakini ilikuwa imevunjwa vile vijimeno viwili vya plastiki vya nyuma. Kila mtu wa zamani zile anajua: ukivivunja, redio haikubali kurekodi juu yake. Na kila mtoto alijua dawa yake. Nikachana karatasi ya biskuti, nikaifinya, nikaziba matundu mawili. Huwezi kufanya hivyo kwa bahati mbaya. Nilijua ni ya nani, na nilijua aliyevivunja vijimeno vile hakutaka iguswe.

Bibi alisema kwa muda mrefu, nikageuza upande, akalia, akacheka, akamaliza. Kaseti ikaondoka na jirani.

Ijumaa iliyofuata mjomba aliitafuta. Alitoa mazulia ya gari, akapapasa chini ya viti. Nikamuuliza anatafuta nini. "Kitu changu kidogo tu, mwanangu," akasema. Nikainama nikamsaidia kutafuta.

Nilinyamaza miaka tisa. Katikati ya miaka hiyo bibi akafariki, na mtandao ukatufikia. Siku moja mjomba akapata barua pepe kutoka kwa Mwingereza mmoja aliyekuwa akiandika kitabu juu ya bendi za mwanzo za panki. Wale wawili waliopata jina walikuwa wamesema dramu zilipigwa na rafiki yao mwingine. Wa tatu, mwenye gitaa, alisema hapana, alikuwa kijana wa Kizanzibari. Je, mjomba ana ushahidi wowote?

Sikuwahi kumwona vile. Alipekua makabati, masanduku, mpaka stoo ya mbuzi. Mwanawe mkubwa alimwangalia akicheka, amevaa fulana ya mtindo wa panki aliyoinunua Muscat, pini zimechorwa kifuani pamoja na tundu la kuchorwa.

"Baba, wewe? Panki?"

"Sisi pini zetu zilikuwa pini," mjomba akasema bila kumwangalia. "Shati lilichanika, na sikuwa na jingine."

Mtu ambaye hapa kazini anaitwa wa Zanzibar, na Zanzibar aliitwa Mwarabu, sasa anaambiwa hata kwenye kelele zake mwenyewe hakuwepo. Nilishindwa kuvumilia. Nikaingia stoo nikamwambia yote, hadi ile karatasi ya biskuti.

Alikaa juu ya gunia. Nilingoja anitukane. Akauliza, "Ndiyo ile ya salamu za Pemba?"

"Ndiyo, mjomba."

"Khalas. Tumuulize binti wa mama mkubwa, kule Pemba."

Yule binti alikuwa amezihifadhi kaseti zote za bibi ndani ya bati la biskuti. Ile yetu ikaletwa na msafiri. Tulikaa sebuleni familia nzima, na bibi akatusalimia, miaka mitatu baada ya kumzika. Mama yangu akajifunika uso. Bibi alisema upande mmoja mzima na dakika ishirini na sita za upande wa pili, mambo ya wanawake wawili tu, mengine mpaka tukatazama chini. Mwisho tukamsikia akiniambia, "Zima, mjukuu wangu." Ukaja mlio, kisha dramu.

Zilibaki dakika nne. Katikati yake mtu anamwita mjomba kwa jina na kumwambia kwa Kiingereza aanze tena, na mjomba, sauti nyembamba ya ujana, anajibu, "Ngoja kwanza!" kwa Kiswahili. Mwanawe aliacha kucheka.

Mjomba alimpelekea mwandishi nakala ya zile dakika nne. Mwandishi akajibu kwa adabu kwamba nakala huweza kughushiwa. Anahitaji kaseti yenyewe, nzima, wataalamu waisikilize mwanzo hadi mwisho. Fundi mmoja wa Nizwa akasema anaweza kuikata, tukapeleka kipande cha mwisho tu.

"Mama yangu hakatwi na mkasi," mjomba akasema. "Wala hasikilizwi na watu asiowajua."

Kitabu kilipotoka, aliyepiga dramu alikuwa yule mwingine. Mjomba aliusoma ukurasa ule mara mbili, akakifunga kitabu, akaenda kutawadha. Nilimfuata nikalia, nikamwomba msamaha. Akaniwekea mkono wake wenye maji kichwani. "Nimekusamehe, mwanangu. Ulikuwa mtoto, na najua unajuta."

Kaseti ninayo mimi sasa. Naisikiliza nikiwa peke yangu, na kila mara naisimamisha kabla ya dramu. Nyumbani hatuna sauti nyingine ya bibi. Mjomba alimsamehe mtu anayejuta, nami niliupokea msamaha huo bila kumwambia kwamba ningerudishwa mchana ule, ningeziba matundu yale tena.